MAISHA YA C. S. LEWIS, MTUNZI WA KITABU KILICHONIKOSESHA USINGIZI

  

Kabla sijaanza, kuna deni nataka kulipa. Tulipokutana chamani kugawana kazi za jarida hili, kila mmoja alitaja mtu mashuhuri atakayemwandikia. Nilipomtaja Lewis, wenzangu waliangua kicheko. Eti jarida la Chama cha Kiswahili litamwandikaje Mzungu wa Ayalandi aliyetunga kwa Kiingereza? Mmoja akaniuliza kama nimehamia chama cha mdahalo. Mwalimu wetu mlezi hakucheka. Aliniambia niandike, mradi nieleze ni kwa nini. Basi hebu tulia nikueleze.

Mwaka jana nikiwa kidato cha pili, muhula wa tatu, niliingia maktaba yetu kutafuta kitabu cha hadithi. Wote mnalijua lile kabati la nyuma, ambalo mlango wake hauna kitasa. Humo ndimo nilimopata kitabu kisichokuwa na jalada la mbele, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Ndani nikaona jina, *Prince Caspian*. Nilipouliza, niliambiwa kwamba hicho ni cha pili katika mfululizo wa vitabu saba vya nchi ya ajabu iitwayo Narnia. Cha kwanza kiliazimwa zamani na mwazimaji hajaonekana hadi leo. Mwenye njaa hana miiko. Nikakichukua cha pili hivyo hivyo, bila ya cha kwanza.

Loo! Usiku huo nilisoma hadi taa ya sola ikazimika. Kesho yake nilisoma nikitembea kwenda shule, nusura niingie mtaroni.

Hadithi yenyewe ni hii. Watoto wanne, Peter, Susan, Edmund na Lucy, wameketi kwenye benchi katika stesheni ya gari la moshi. Likizo imekwisha na wanarudi shule za bweni. Kwa Lucy, aliye mdogo kuliko wote, ndiyo mara ya kwanza kwenda bweni. Ghafla wanahisi wanavutwa, na kufumba na kufumbua wamo msituni kando ya bahari. Wanatembea wakiwa na njaa, wanakuta magofu ya kasri la kale, miti imeota ndani ya kuta. Wanazunguka wakijiuliza ni akina nani waliokaa hapa. Kisha karibu na kisima Susan anaokota kifarasi kidogo cha dhahabu, kete ya mchezo wa sataranji. Anakitambua. Ni chao! Kasri hilo ni lao wenyewe, walilotawala wakiwa wafalme na malkia katika kitabu cha kwanza. Kwao Uingereza umepita mwaka mmoja tu. Narnia imepita mamia ya miaka, na watu wamewasahau.

Wakati huo nchi iko mikononi mwa Miraz, mfalme dhalimu aliyemuua nduguye ili atwae kiti. Miraz hataki kusikia hadithi za kale. Kijana Caspian, mwana wa yule nduguye, alizisikia kutoka kwa yaya wake usiku, jinsi wanyama walivyokuwa wakisema na miti ikicheza. Miraz alipojua, alimfukuza yule yaya. Kumbe mwalimu aliyeletwa badala yake naye anazijua, na anamfundisha Caspian kwa siri juu ya mnara usiku wa manane. Caspian anakimbilia msituni, anakuta kwamba yale yote aliyoambiwa na yaya ni kweli, na vita vinaanza.

Sasa nikuambie la nyumbani. Nina ndugu mdogo, na wakati huo alikuwa na miaka tisa. Nyanya yetu ndiye aliyetulea, na kila usiku baada ya chakula alikuwa akituita paukwa, nasi tunaitika pakawa. Nyanya alifariki mwaka juzi. Tangu siku hiyo neno paukwa halikutajwa tena nyumbani mwetu. Mama anarudi kazini amechoka, mimi nina kazi za shule, na mdogo wangu akawa analala mapema, uso umeelekea ukutani.

Jioni moja nilikuwa nikisoma habari za Reepicheep. Huyu ni panya shujaa, ana upanga na majivuno, na mkia wake umekatwa vitani. Anaona aibu kusimama mbele ya simba mkuu Aslan bila mkia, na panya wenzake wote wamechomoa panga tayari kukata mikia yao ili mkubwa wao asiaibike peke yake. Nikacheka kwa sauti. Mdogo wangu akageuka kutoka ukutani na kuniuliza ninacheka nini. Nikaanza kumsimulia, na kwa kuwa Kiingereza chake bado ni cha kubabaisha, nilimsimulia kwa Kiswahili. Sijui ilikuwaje, lakini neno la kwanza lililonitoka lilikuwa paukwa. Alinyamaza kidogo, kisha akaitika.

Tukaendelea hivyo kila usiku, sura moja moja. Tatizo lilikuja aliponiuliza wale watoto walifikaje Narnia ile mara ya kwanza. Mimi cha kwanza sikukisoma! Nikabuni kwamba walitumbukia kisimani. Baadaye rafiki yangu wa shule jirani alinipa kitabu cha kwanza, tukakuta kwamba walipitia kabatini, katikati ya makoti. Mdogo wangu alininunia siku mbili nzima kwa kumdanganya.

Swali lake jingine ndilo lililonifikisha hapa. Aliniuliza aliyetunga hadithi hii ni nani, na kama naye alikuwa na nyanya. Sikuwa na jibu. Basi nikasaka katika kamusi elezo ya maktaba, nikawasumbua walimu wawili, na Jumamosi nikaenda saiba nikalipia saa nzima. Haya ndiyo niliyovuna.

Clive Staples Lewis alizaliwa tarehe 29 Novemba mwaka 1898 katika mji wa Belfast, ambao leo uko Ayalandi ya Kaskazini. Jina hilo refu hakulipenda. Akiwa bado mtoto mdogo alitangaza kwamba yeye ni Jacksie, na akawa haitikii jina jingine lolote. Likafupishwa kuwa Jack, na rafiki zake walimwita Jack hadi kufa kwake. Baba yake, Albert, alikuwa wakili. Mama yake, Flora, alisomea hisabati chuo kikuu katika zama ambazo wanawake waliofika huko walikuwa wachache mno. Mama huyo ndiye aliyemwanzishia Jack masomo ya Kifaransa na Kilatini nyumbani. Alikuwa na kaka mmoja tu, Warren, aliyemzidi miaka mitatu, na waliyependana kama chanda na pete.

Na je, alikuwa na nyanya? Alikuwa na yaya. Aliitwa Lizzie Endicott, mwanamke wa mashambani, na ndiye aliyemsimulia Jack hadithi za kale za Ayalandi. Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Kumbe yule yaya wa Caspian hakutoka hewani.

Mwaka 1905 familia ilihamia nyumba kubwa iitwayo Little Lea. Nyumba ilijaa vitabu kila mahali, sebuleni, kwenye ngazi, mpaka darini. Mvua za Belfast si haba, kwa hiyo wale ndugu wawili walishinda ndani. Huko darini Jack alianza kuandika. Kulikuwa na sababu ya ajabu iliyomsukuma kwenye kalamu. Vidole gumba vyake vilikuwa na kasoro ya kiungo, havikukunjika kama vyetu, hivyo kila alichojaribu kukiunda kwa mikono kiliharibika. Kalamu peke yake ndiyo iliyomtii. Yeye alitunga nchi ya wanyama wanaovaa nguo na kusema, kaka yake akatunga ya kwake kwa jina la India, kisha wakaziunganisha na kuziita Boxen. Vitu vyao vya kuchezea ndivyo vilivyokuwa raia wa nchi hiyo.

Raha hiyo haikudumu. Mwaka 1908 mama yao alishikwa na saratani. Jack, mtoto wa miaka tisa, alimwomba Mungu sana amponye mama. Tarehe 23 Agosti mama akafariki. Baba alizama katika majonzi yake asijue la kufanya na wanawe, na haukupita mwezi Jack akatiwa melini pamoja na kaka yake, kwenda shule ya bweni Uingereza. Shule hiyo ilikuwa jela. Mwalimu mkuu alichapa watoto bila kiasi, na baadaye ikabainika kwamba hakuwa na akili timamu. Shule ikafungwa mwaka 1910.

Ndugu msomaji, sasa rudi kwenye lile benchi la stesheni. Wale watoto wanne wamekaa kimya katikati ya masanduku yao wakingoja gari la moshi la kuwatenganisha. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, sijawahi kulala bweni hata usiku mmoja, lakini nilipoisoma sura ile nilihisi uzito tumboni kama ninayepelekwa. Mtunzi aliujua uzito huo kwa sababu aliubeba mwenyewe mara nyingi.

Baada ya kuhangaika shule kadhaa, mwaka 1914 baba alimpeleka kwa mwalimu mzee, William Kirkpatrick, akasome nyumbani kwake katika kijiji cha Great Bookham, kusini mwa Uingereza. Mzee huyu hakukubali neno la ovyo. Ukitamka jambo, sharti ulitetee kwa hoja. Siku za mwanzo tu alimkalisha Jack na mashairi ya Homer kwa Kigiriki chenyewe. Jack hakulia, alistawi. Kwa miaka miwili na nusu alisoma kama samaki aliyerudishwa majini. Mwalimu wa Caspian kule mnarani hafanani na mzee huyu kwa mambo yote, lakini nadhani ni mtu aliyewahi kupata mwalimu mwema mmoja tu ndiye awezaye kuandika mwalimu yule.

Katika miaka hiyo mambo mawili madogo yalimtokea. Mwaka 1916, akiwa stesheni ya Leatherhead, alinunua kitabu chakavu cha George MacDonald kiitwacho *Phantastes*, hadithi ya nchi ya ajabu. Alikiri baadaye kwamba kitabu hicho kilimbadilisha nafsi. Tena stesheni! La pili ni kwamba alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na sita, picha ilimjia akilini, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi anatembea katika msitu wa theluji, mkononi ana mwavuli na vifurushi. Hakujua aifanyie nini picha hiyo. Aliitunza tu. Alipofika miaka kama arobaini ndipo alipojaribu kuitungia hadithi, na ndiyo inayofungua safari ya Narnia katika kitabu cha kwanza. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na sita. Tangu nilipolijua hilo, kila wazo la kipumbavu linalonijia darasani nimeanza kuliandika nyuma ya daftari.

Mwaka 1917 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford. Hapa nawaomba wale wenzangu tunaoketi pamoja nyuma katika somo la Hesabu wasogee karibu. C. S. Lewis, mtoto wa mama aliyesomea hisabati, alianguka mtihani wa Hesabu uliotakiwa kwa kuingia Oxford! Aljebra ilimshinda kabisa. Kilichomwokoa ni kwamba waliotoka vitani walisamehewa mtihani huo. Lakini tusifurahi mno, kwani gharama ya msamaha huo ilikuwa kubwa. Kwa kuwa alikuwa mtu wa Ayalandi hakulazimishwa kwenda vitani, ila alijiandikisha kwa hiari. Alifika mahandakini Ufaransa siku aliyotimiza miaka kumi na tisa. Aprili 1918 kombora lilianguka karibu naye, likamuua sajini aliyekuwa kando yake na kumjeruhi yeye. Rafiki yake Paddy Moore alikuwa amekwisha kuuawa mwezi wa Machi mwaka huo huo.

Mama yake Paddy alibaki bila mwana, na Jack alikuwa bila mama. Aliporudi Oxford alianza kuishi na mama huyo na binti yake, akawatunza. Aliendelea kumtunza, hata uzee ulipomfanya mkali na mgonjwa, hadi alipofariki Januari 1951. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya miaka thelathini.

Masomoni alipata daraja la kwanza mara tatu, na mwaka 1925 akawa mhadhiri wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo cha Magdalen, Oxford. Mwaka uliofuata alikutana na J. R. R. Tolkien, aliyekuja kutunga *The Hobbit* na *The Lord of the Rings*. Wakawa marafiki. Wao na wenzao walianzisha kikundi kilichoitwa Inklings, wakikutana Alhamisi usiku chumbani kwa Lewis kusomeana walichoandika na kukosoana bila huruma. Yaani chama kama hiki chetu, tofauti ni kwamba wao hawakuchangishana pesa za soda. Tolkien alikuwa mzito wa kumaliza kazi, na Lewis ndiye aliyemhimiza miaka nenda miaka rudi. Cha kuchekesha, Narnia ilipotoka Tolkien hakuipenda hata kidogo. Lewis hakuacha kuiandika kwa ajili hiyo. Wenzangu mliocheka, mmesikia?

Tangu ujana wake Lewis alikuwa ameiacha dini. Mama alikuwa amekufa, vita alikuwa ameviona, na aliona hakuna anayesikiliza. Mwaka 1931, baada ya mazungumzo marefu ya usiku na Tolkien pamoja na rafiki mwingine, alirudi kwenye Ukristo. Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia alizungumza redioni kuhusu imani, na Waingereza wengi wakamjua kwa sauti yake kabla ya kumjua kwa hadithi. Vita hivyo vilipoanza mwaka 1939, watoto waliokuwa wakihamishwa kutoka London kukimbia mabomu walipokewa nyumbani kwake, katika nyumba iitwayo The Kilns. Mtu huyu asiyekuwa na mtoto akajikuta na nyumba ya watoto. Msomaji wa kitabu cha kwanza atakumbuka watoto wanne waliopelekwa kwa profesa mzee kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye jambo lililonifanya nifunge kitabu na kukaa kimya. Baba yao alifariki mwaka 1929. Mwaka uliofuata, kabla nyumba ya Little Lea kuuzwa, Jack na kaka yake walikwenda kuiaga. Walilikuta sanduku la vitu vyao vya kuchezea, wale raia wote wa Boxen. Wangeweza kuvigawa au kuvitupa. Hawakulifungua hata kulifungua. Walichimba shimo katika bustani ya mboga, wakalizika sanduku likiwa limefungwa. Walikuwa watu wazima, mmoja mhadhiri wa Oxford, mwingine mwanajeshi.

Miaka kama ishirini baadaye, mtu yule yule aliandika habari za watoto wanaorudi kwenye nyumba yao iliyogeuka gofu, wakaokota kete ya mchezo wao wa zamani, wakavunja mlango uliofunikwa na mimea, wakateremka ngazi gizani, na kuzikuta hazina zao mahali pale pale walipoziacha. Upanga wa Peter upo. Upinde wa Susan upo. Vumbi limejaa, lakini hakuna kilichooza. Sijui kama Lewis alilifikiria lile sanduku alipokuwa akiandika. Mimi nilipoisoma sura ile baada ya kujua habari za bustani, sikuweza kulifikiria jambo jingine.

Tena kitabu hicho cha pili hakikuandikwa kwa raha. Alikimaliza mwaka 1949, wakati kitabu cha kwanza hakijachapishwa bado. Mwaka huo huo mwili ulimchoka hata akalazwa hospitali. Alikuwa na wanafunzi wa kufundisha, mama mgonjwa wa kuuguza, barua nyingi za kujibu, na kaka mpendwa aliyesumbuliwa na pombe. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1950, *Prince Caspian* kikafuata Oktoba 1951, kisha kimoja kila mwaka hadi cha saba mwaka 1956, ambacho kilipata Medali ya Carnegie. Katika kile kilichotoka 1955 yumo mvulana ambaye mama yake yu mahututi, na analetewa tunda linalomponya. Nilikuambia kuhusu Jack wa miaka tisa na maombi yake. Kwa hiyo sina la kuongeza hapo.

Mwaka 1954 alipewa uprofesa Cambridge. Mwaka 1956 alimwoa Joy Davidman, mwandishi wa Kimarekani mwenye watoto wawili wa kiume. Baada ya muda mfupi Joy akagundulika ana saratani, ugonjwa ule ule uliomchukua mama. Alipata nafuu, wakaishi kwa furaha, kisha ukarudi, akafariki Julai 1960. Lewis aliandika kitabu kuhusu msiba huo, akakitoa mwaka 1961 kwa jina la bandia.

Yeye mwenyewe alifariki nyumbani kwake tarehe 22 Novemba mwaka 1963, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 65. Siku hiyo hiyo Rais Kennedy wa Marekani aliuawa, kwa hiyo magazeti hayakuwa na nafasi ya mzee wa hadithi. Zilikuwa zimebaki siku ishirini tu Kenya ipate uhuru. Mwaka 2013, miaka hamsini baadaye, waliweka jiwe la kumbukumbu yake katika kanisa la Westminster Abbey, London, pale wanapoenziwa washairi na watunzi wakuu wa Uingereza. Vitabu vya Narnia vimetafsiriwa katika lugha zaidi ya arobaini.

Nimesahau moja. Lewis alijibu barua za watoto kwa mkono wake, na nyingine kaka yake akimsaidia kwa taipureta. Mwaka 1957 mtoto mmoja wa Marekani alimwandikia kuhusu mpangilio wa kuvisoma vile vitabu, kwani mama yake alitaka ule wa kuchapishwa na mtoto alitaka ule wa matukio. Lewis alimuunga mkono mtoto, lakini akaongeza kwamba huenda mpangilio hauna uzito sana. Siku hizi katika matoleo mengi *Prince Caspian* kimepigwa nambari 4, si 2. Nilimweleza mdogo wangu habari hiyo ili anisamehe kwa kuanzia katikati. Alinisamehe, ila la kisima bado analikumbuka.

Naam, sasa nilipe lile deni. Desemba iliyopita tulikwenda mashambani, mara ya kwanza tangu mazishi. Nyumba ya nyanya ilikuwa ya udongo na makuti, na mvua za masika zilikuwa zimeiangusha. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni. Mdogo wangu alizunguka huku na huku kama mgeni, hakutambua kitu. Kisha akajikwaa. Lilikuwa jiwe la nyanya la kusagia, limezama nusu ardhini. Akalifuta udongo kwa mkono, akaniangalia, nikajua anafikiria kile kifarasi cha dhahabu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakifikiria. Akasema hapa palikuwa jikoni. Akaonyesha penye mlango, penye mtungi, penye mkeka tuliokuwa tukikalia. Dakika tano kabla ya hapo hapakuwa na chochote.

Aliketi juu ya jiwe lile akaniambia nimsimulie. Nikaanza ya Narnia. Akakataa. Alitaka moja ya nyanya, ile ya fisi na kibuyu. Niliogopa kwamba nimeisahau. Nilisahau sehemu mbili, na yeye akanikumbusha zote mbili.

Kwa hiyo wenzangu, nimemwandika Mzungu wa Ayalandi katika jarida la Kiswahili kwa sababu kitabu chake kilinirudishia hadithi za nyanya yangu, nazo ni za Kiswahili. Nimeanza kuziandika. Zimefika tisa, na panapo majaliwa moja itatokea katika jarida la mwakani.

Na yule aliyeazima kitabu cha kwanza cha maktaba yetu, kama bado yu hai na anasoma hapa, tafadhali kirudishe. Kuna watoto wa kidato cha kwanza wanaambiana kwamba watu huingia Narnia kupitia kisimani, nami nina hakika uvumi huo umetoka nyumbani kwetu.

 Kalamu naiweka chini.